Jaza, Chomoa, Soma

Mhadhara uliotolewa Base Camp, Nakivale, mbele ya walimu, wanafunzi wa kompyuta na wenye vibanda vya huduma. Unachapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa pale palipofupishwa.

Nimetoka Mbarara mapema, na vumbi mnaloliona kwenye begi langu ni la barabara yenu, msije mkasema fundi hajiwezi.

Mezani pangu kuna laptopu inayokula chaji ya betri ya sola, na imechomekwa flashi nyekundu. Niliinunua wiki iliyopita Mbarara kwa kijana anayetembeza bidhaa mkononi, shilingi 15,000. Imeandikwa GB 64 kwa herufi za dhahabu. Nimeanza kuipima saa moja na nusu asubuhi, sasa ni saa nne, na bado haijamaliza. Nimemwomba kijana huyu aliyekaa karibu nayo anishtue itakapomaliza, hata nikiwa katikati ya sentensi.

Kusudi langu leo ni ombi moja tu. Flashi, memori kadi au hadi diski yoyote utakayonunua, ipime siku hiyohiyo, kabla hujaikabidhi kitu. Na uipime kwa kazi yako wewe. Maneno ya kwenye pakiti mwachie aliyeyaandika.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nimekuja kulisema hili Nakivale, wakati flashi mbovu zinauzwa hadi Kampala. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na tangu hapo kila kizazi kimeingia na kile kilichobebeka. Zamani ilikuwa bahasha iliyofungwa ndani ya kitenge. Siku hizi ni picha ya diploma iliyopigwa kwa simu usiku wa kuamkia safari, ikavushwa mpaka wa Bunagana ndani ya memori kadi isiyozidi ukucha. Mtu wa Kampala akipoteza cheti atarudi shuleni kwake kuomba kingine. Mtu wa Juru, hapa makazini, ambaye shule yake haina tena mlango wala karani, arudi wapi? Kwa wengi waliomo humu kile kijikadi ndiyo nakala pekee. Basi hatuzungumzii nyimbo na filamu tu, ingawa nazo nitazigusa, maana najua wenye laibrari za filamu mmekuja.

Neno moja kuhusu majina. Vitabu vya shule vinaiita flashi "diski mweko", na vijana hucheka. Wasicheke sana. Aina hii ya kumbukumbu ilibuniwa Japani, katika kampuni ya Toshiba, na mhandisi Fujio Masuoka, miaka ya 1980. Jina la flashi lilitokana na mwako wa kamera, kwa kuwa data hufutika kwa mkupuo kama taa ya kamera inavyowaka mara moja. Aliyetafsiri "mweko" alijua anachokifanya. Mimi nitasema flashi, kwa sababu ndivyo mnavyoniuliza dukani.

Hoja ya kwanza: ujazo ulioandikwa na ujazo uliopo

Nianze na lile dogo tuliondoe njiani. Flashi halali ya GB 64 ukiichomeka kwenye Windows itakuonyesha 59.6 au karibu na hapo. Hujaibiwa. Kwa mtengenezaji, gigabaiti moja ni baiti bilioni moja. Windows inazidisha 1,024 mara tatu, inapata baiti 1,073,741,824. Ni madebe mawili yasiyolingana yakipima gunia moja. Mahindi ni yaleyale. Hadi diski ya TB 1 kwa hesabu hiyo inaonyesha GB 931. Nimeshuhudia mteja akimkunja muuzaji shati kwa jambo hili, na muuzaji wa watu hana kosa.

Mwizi wa kweli anaonyesha namba ileile halali. Ndani ya flashi kuna chipu inayotunza data, na kuna msimamizi, chipu nyingine inayojibu kompyuta inapouliza. Kompyuta haizunguki ikihesabu vyumba. Inamuuliza msimamizi ana nafasi kiasi gani, na jibu lake inaliamini. Mdanganyifu anachukua chipu ya GB 8 na kumfundisha msimamizi kujibu 64.

Fikirini lojingi ya vyumba vinane yenye funguo 64 ukutani. Wageni wanane wa kwanza wanalala vizuri na kuisifu. Wa tisa anaandikwa kitabuni, analipa, anapewa ufunguo, anakuta chumba kina mtu. Flashi nyingine humtupa nje yule aliyelala ili huyu aingie. Nyingine humwacha huyu mpya barazani gizani, lakini jina lake linabaki kitabuni. Ndiyo maana unaiona faili, jina lipo, ukubwa upo, tarehe ipo, na ukiifungua hakuna kitu.

Yupo kijana wa hapahapa, jina lake nalihifadhi, anayepiga video za harusi. Alininunulia soda Mbarara kabla hajaniambia shida yake, nikajua shida ni kubwa. Memori kadi yake iliandikwa GB 128. Nilichomeka, tukaangalia pamoja. Maandalizi ya bibi harusi yapo, rangi nzuri kabisa. Gari yenye maua ipo. Wazazi wanaingia kanisani. Padri anafungua kinywa, na picha inaganda hapo. Faili zilizofuata zilikuwa 31, zote zina majina, zote zina ukubwa, na zote nyeusi: viapo, keki, zawadi, mjomba aliyekuja kwa basi kutoka Bujumbura. Alikuwa amepiga siku nzima akiona kwenye kioo cha kamera kwamba nafasi bado ipo tele. Nilimwambia kilichowahi kuingia GB 8 za kwanza ndicho kilichopo. Akaniuliza kama ningeweza kuwatoa waliobaki nje. Hawakubaki nje, ndugu zangu. Hawakuandikwa popote.

Kipimo chake ni chepesi mno hata nikaona aibu kukiita mhadhara: jaza, chomoa, soma. Jaza kifaa kitupu hadi kiseme kimejaa. Kichomoe kabisa, maana kompyuta huweka nakala ya vitu vya karibuni katika kumbukumbu yake yenyewe, na usipochomoa itakusomea kutoka kichwani mwake badala ya kusoma kwenye flashi. Kirudishe, kisha usome ulichoandika, cha kwanza hadi cha mwisho.

Zipo programu za bure zinazofanya hivyo kwa uangalifu kuliko macho. Kwa Windows ipo H2testw, kazi ya jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Ni ndogo kuliko wimbo mmoja, na ndiyo inayotumika mezani hapa. Wenye Linux wana F3. Zote mbili zinajaza kifaa kwa data zinayoijua, kisha zinaisoma na kulinganisha. Asiye na programu achukue filamu moja kubwa, ainakili mara nyingi kwa majina tofauti hadi nafasi iishe, achomoe, achomeke, afungue nakala ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kila moja aipeleke mbele hadi dakika za mwisho. Si kipimo kikamilifu, lakini lojingi ya funguo 64 haikipiti.

Onyo, na hili naomba liandikwe: usipime hivi kifaa chenye nakala yako pekee ya kitu chochote. Ukijaza flashi ya uongo, unaweza ukawa unawatupa nje wageni wa kwanza. Nakili kwanza vilivyomo, hakikisha vinafunguka huko ulikovipeleka, ndipo upime.

Hoja ya pili: kasi, kwa saa ya ukutani

Wauzaji hupenda kutuleta hapa kwa sababu namba zake ni kubwa na hazina shahidi. Pakiti inasema megabaiti 100 kwa sekunde. Wakati wa nini? Karibu kila mara ni kusoma, na kuandika ni jambo jingine. Flashi ya bei ya chini niliyozoea kukutana nayo huandika megabaiti tano hadi kumi kwa sekunde. Kwa mwenye laibrari, mteja akitaka filamu ya GB 4 iliyotafsiriwa na VJ, kwa megabaiti tano atasubiri zaidi ya dakika 13. Kwa megabaiti 40 atasubiri chini ya dakika mbili. Kwa mwenye umeme wa kudumu hizo ni dakika za kupiga soga. Kwenu ninyi mnaotumia sola, mawingu yakishuka saa tisa mchana, dakika ni betri na betri ni hela.

Kuna mambo matatu yanayowapotosha watu wakipima kasi. La kwanza ni mlango wenyewe. USB 2.0 kwa karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, lakini katika kazi mara chache utaona megabaiti zaidi ya 40. Flashi ya USB 3.0 ukiichomeka kwenye mlango wa zamani itatembea kwa mwendo wa mlango huo. Milango mingi ya USB 3.0 ina ulimi wa buluu ndani, chungulieni.

La pili ni kwamba kunakili huanza kwa mbio kisha huchoka. Sekunde za kwanza kompyuta inapokea kwenye kumbukumbu yake na kukuonyesha namba za kufurahisha. Kwa hiyo pima kwa faili kubwa kuliko RAM ya mashine, na usiitazame ile mistari ya kijani. Tazama saa. La tatu, faili moja ya GB 1 na picha elfu moja zenye jumla ya GB 1 si mzigo mmoja. Ni tofauti ya kushusha gunia moja na kushusha machungwa moja moja. Karani wa shule anayehifadhi picha za wanafunzi apime kwa picha.

Memori kadi zina alama zake: namba 10 ndani ya herufi C, au 1 ndani ya U, maana yake angalau megabaiti 10 kwa sekunde za kuandika mfululizo. U yenye 3 ni 30. Mpiga harusi asishuke chini ya hapo, lakini alama nayo ni wino, na aliyeandika GB 128 ya uongo hashindwi kuchora herufi U.

Kuna jambo moja la kasi linalostahili fedha zenu. Kama una laptopu ya zamani yenye hadi diski ya kuzunguka, inayochukua dakika nne kuamka, ibadilishie diski, uiwekee aina ya SSD ya SATA. Diski ya kuzunguka lazima kichwa chake kitembee kutafuta kila kipande, na kazi za namna hiyo hufanya kama mia moja tu kwa sekunde. SSD haina kinachotembea, hufanya maelfu mengi. Msishawishike na zile za NVMe zinazotangazwa megabaiti 7,000 kwa sekunde. Ni nzuri, ila laptopu nyingi ninazofungua kutoka huku hata tundu lake hazina.

Hoja ya tatu: ukilinganisha, mizani iwe moja

Hapa nitapita haraka. Ukitaka kujua flashi ipi bora kati ya mbili, tumia kompyuta ileile, mlango uleule, faili ileile, zote zikiwa tupu, na rudia mara tatu. Badilisha kitu kimoja tu, flashi. Kijana akiniambia "yangu ni kali kuliko ya rafiki yangu", na yake ameipimia kwenye mashine ya ofisini, ya rafiki kwenye simu, huo ni ubishi wa mpira. Na kama flashi imeingia virusi, ile inayogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, isafishe kwanza. Mafolda yale kwa kawaida yamefichwa tu, hayajafutika, na kifaa si lazima kiwe kibovu. Wengi wametupa flashi nzima...

(Kijana aliyekuwa kwenye laptopu: Mwalimu, imemaliza!)

Tusomee. Soma kwa sauti, wa nyuma wasikie.

(Kijana: Nzima, GB 7.2. Zilizopotea, GB 52.4.)

Asante, baba. Jumlisheni: 59.6, ile namba halali kabisa ambayo Windows ilionyesha asubuhi. Kwa macho haikuwa na kasoro hata moja. Mama mmoja hapa mbele anauliza kama niirudishe kwa aliyeniuzia. Mama, yule kijana hatembezi mtaa mmoja siku mbili. Pengine naye aliuziwa na hajui. Hana laptopu ya kupimia. Mimi nitaipa sehemu ya GB 7 na kuitumia kubebea nyaraka ndogondogo zisizo na thamani. Wengine wataitupa, na hawakosei, kwa sababu chipu zinazoishia kwenye flashi za namna hii aghalabu ni zile zilizokataliwa kiwandani.

Hoja ya nne: kila kifaa kitakufa, na kila aina ina kifo chake

Hadi diski ya kuzunguka hufa kwa mshtuko. Ndani yake kuna sahani, nyingi za laptopu zikizunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Mnaijua bodaboda ya kutoka hapa hadi lami. Diski iliyozimwa inavumilia safari hiyo kwa sababu kichwa kimeegeshwa. Iliyo ndani ya laptopu iliyofunikwa bila kuzimwa, ikaendelea kuzunguka ndani ya begi, haina bima. Ukisikia diski inagonga tik, tik, tik, izime saa hiyohiyo. Usiiwashe tena "kujaribu mara ya mwisho", kwani kila jaribio linaweza kuzidi kukwaruza.

Diski hizi, pamoja na SSD, zina daftari la afya ndani yake liitwalo SMART. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inalisoma. Angalieni mistari mitatu ya hadi diski: 05, C5 na C6. Ya kwanza inahesabu maeneo mabovu yaliyokwisha kuhamishwa, nyingine mbili zinahesabu yanayosubiri na yaliyoshindikana. Zikiwa sifuri, vema. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, hamisha mali yako. Na angalieni saa za kuwashwa: diski unayouziwa kuwa mpya ikisema saa 26,000, imekwisha kufanya kazi karibu miaka mitatu usiku na mchana. Nimeziona Mbarara zikiwa kwenye nailoni mpya.

Lakini daftari hilo nalo lisiwalaze usingizi. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walitoa utafiti wa diski zaidi ya laki moja. Zaidi ya thuluthi ya zile zilizokufa hazikuwa zimeandika dalili yoyote katika SMART, ukiacha joto. Diski ikisema ni mgonjwa, iamini. Ikisema ni mzima, usiape kwa niaba yake.

Flashi na memori kadi hazina kinachozunguka, kwa hiyo watu hudhani hazifi. Zinatunza data kwa chembe za umeme zilizofungiwa ndani ya vijumba vidogo mno. Kila ukifuta na kuandika, kuta za vijumba huchakaa, na ikikaa miaka bila kuchomekwa, umeme huvuja polepole, haraka zaidi penye joto. Kadi iliyoachwa juu ya mabati ya kibanda Januari hadi Desemba imehifadhiwa jikoni. Halafu mara nyingi hufa ghafla, bila kugonga, bila onyo. Jana ilikuwapo, leo kompyuta haiioni. Hapo hata mimi fundi mara nyingi mikono yangu ni mitupu.

Kwa hiyo diploma, cheti cha kuzaliwa, barua za ofisini na picha za waliobaki nyuma zikae mahali pawili, na viwe vifaa vya aina mbili visivyonunuliwa siku moja duka moja. Kimoja kikae kwako. Kingine kikae kwa mtu mnayeaminiana, si katika begi lilelile, maana moto na mwizi havichagui. Ukipata intaneti ya kutosha, jitumie nakala ya tatu kwa barua pepe. Diploma ni picha moja, haimalizi bando. Na kila baada ya miezi sita, fungua kila faili moja moja. Kuliona jina lake hakutoshi. Tumeliona suala la majina.

Mwenyekiti wa kikao ananionyesha saa. Namalizia na kazi iliyo mbele yetu.

Vipimo tunavyosoma kwenye majarida ya nje vimefanyika vyumbani penye umeme usiokatika na hewa isiyo na vumbi. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, tangu mwaka 2013, inachapisha idadi ya diski zake zinazokufa, na kwa kawaida ni moja au mbili katika kila mia kwa mwaka. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, lakini diski zile hazijawahi kupanda bodaboda. Za kwetu hakuna atakayetuhesabia. Hapa Base Camp, Juru na Rubondo kuna vibanda vinavyopokea flashi za watu kila siku. Ninaomba kila kibanda kifungue daftari la kawaida, la kurasa 96, lenye safu sita: jina lililo kwenye kifaa, kilikonunuliwa, bei, ujazo ulioandikwa na uliopatikana, dakika za kunakili faili moja ileile kubwa ambayo nitawaachia leo, na tarehe ya kipimo. Jina la mwenye kifaa msiandike. Kikifa, andikeni siku na namna. Baada ya mwaka tutakuwa na cha kumwonyesha mama anayeuliza anunue ipi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitarudi hapahapa, saa tatu, na H2testw kwenye flashi tano za kugawa. Leteni vifaa vyenu, vilivyonakiliwa kwanza. Na mwenye laptopu yenye ule mlango wa buluu aje nayo tafadhali, yangu haina.